HERUFI ZA SHULE NA HERUFI ZA MADRASA: KWA NINI MTOTO HUKWAMA KUSOMA?



  Ndugu msomaji, katika toleo la mwaka huu tumeona tuzungumze na wazazi na wanafunzi wetu wa hapa Puge juu ya jambo ambalo kila mmoja amelishuhudia nyumbani kwake: mtoto mwenye akili zake timamu, hodari wa michezo, hodari wa kuhesabu mbuzi wa baba yake, lakini mbele ya kitabu anakwama.

Mwaka jana, siku ya mahafali yetu, tulimpa zawadi binti mmoja wa darasa la tatu. Alikuwa amehifadhi kutoka Surat an-Naas mpaka Surat adh-Dhuha. Wazazi walitoa takbira, na bibi yake alitokwa na machozi. Wiki mbili baadaye tulimfungulia juzuu, tukaweka kidole katikati ya Surat al-Qaari'a, tukamwambia, "Soma kuanzia hapa." Akanyamaza. Tulipomwanzishia sura toka mwanzo, aliisoma yote bila kosa, macho yake yakiwa dirishani.

Hapo sisi tulikosea. Tulimwambia mbele ya wenzake kwamba kumbe hajui hata alifu kwa kijiti. Watoto wakacheka. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Siku ya tatu alikuja baba yake. "Ustaadh," alisema, "huyu mtoto kichwa chake kizito. Shuleni hasomi, na huku nako naambiwa hasomi. Nimeona akae nyumbani amsaidie mama yake kwenye majaruba."

Tulimwomba radhi yule mzee, tukamwomba pia atupe miezi michache. Haya tunayoyaandika ni yale tuliyojifunza katika miezi ile, pamoja na machache tuliyoyasoma.

Kwanza tujue mzigo anaobeba mtoto wetu. Nyumbani husema Kinyamwezi, au Kinyamwezi kilichochanganyika na Kiswahili. Asubuhi shuleni anafundishwa Kiswahili kwa herufi za Kirumi, kutoka kushoto kwenda kulia. Jioni madrasa anafundishwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, katika lugha ambayo hakuna mtu nyumbani kwao anayeizungumza. Kisha kuna Kiingereza, ambacho kinatumia herufi zile zile za Kiswahili lakini hakifuati kanuni zake. Tuliwahi kuona katika daftari la mtoto mmoja neno "baba" limeandikwa "abab". Mwalimu wake wa shule alimwekea alama ya kosa, na ilikuwa haki yake. Lakini ukilisoma neno lile kwa kuanzia kulia, kama alivyozoea madrasa, ni "baba" safi kabisa. Mtoto yule alikuwa amebeba kanuni ya nyumba moja akaipeleka nyumba nyingine.

Sasa tuitazame kila nyumba.

Kiswahili ni rahisi kusoma kuliko lugha nyingi za dunia. Herufi "a" ni "a" popote utakapoikuta. "Ba" haigeuki kuwa kitu kingine mwishoni mwa neno. Irabu ni tano na zimeandikwa zote. Mtoto akishazijua sauti na akajua kuziunganisha, anaweza kusoma hata neno ambalo hajapata kulisikia. Wataalamu wameupima urahisi wa namna hii. Mwaka 2003 Philip Seymour wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wanaosoma katika lugha 13 za Ulaya. Kuelekea mwisho wa darasa la kwanza, watoto wa Kifini walisoma sawasawa maneno 98 kati ya 100 ya kawaida, wa Kiitaliano 95, na wa Kiingereza 34 tu. Watoto wa Kiingereza hawakuwa wajinga. Lugha yao ndiyo inayoandika "though", "through" na "cough" kwa mwisho unaofanana, kisha kila neno linasomwa kivyake. Kwa hiyo mzazi usishangae mwanao anayesoma Kiswahili vizuri anapoanza kukwama tena kwenye Kiingereza. Pale sauti peke yake haitoshi. Maneno mengi inabidi ayajue kwa sura.

Lakini Kiswahili kuwa na kanuni hakumaanishi kwamba mtoto atajua kusoma wenyewe bila kufundishwa, kama watu wanavyodhani. Mwaka ule ule wa 2003, watafiti Alcock na Ngorosho walichapisha utafiti juu ya makosa ya watoto wanaoandika Kiswahili, wakasema wazi kwamba kujifunza tahajia ya lugha yenye kanuni nako si jambo dogo. Sisi huku tunaliona kila siku. Mtoto wa Puge anaandika "kurara" akimaanisha kulala, na "chakura" akimaanisha chakula, kwa sababu l na r kwake ni kitu kimoja. Hajakosea herufi. Ameandika kile ambacho sikio lake linakisikia. Ukimchapa fimbo utakuwa umemchapa kwa lugha ya mama yake.

Kuna na herufi zinazokwenda pamoja. "Ng" ya ngoma na "ng'" ya ng'ombe zinatenganishwa na alama ndogo tu, na hata watu wazima huisahau. Kuna "m" ambayo mara husimama peke yake, kama katika m-tu, na mara hujibana na herufi inayofuata, kama katika nya-mba-fu. Tazama neno "mbuni". Ndege yule mkubwa asiyeruka ni mbu-ni, lakini mti wa kahawa ni m-buni, na mtu anayebuni kitu naye ni m-buni. Maandishi ni yale yale. Msomaji anapaswa kuijua maana kwanza ndipo alitamke vizuri. Na "barabara" ya magari tunaikazia karibu na mwisho, lakini jambo likiwa sawasawa kabisa tunasema ni "barabara" kwa kukazia mapema. Karatasi haisemi lolote juu ya hilo.

Ipo faida moja ambayo madrasa inaipa shule, nasi hatuisemi vya kutosha. Watoto wengi huandika "zambi" badala ya dhambi, "samani" wanapotaka thamani, "gali" badala ya ghali. Mtoto aliyefundishwa makharij, akajua kwamba thaa na dhal ulimi hutoka kidogo kati ya meno na ghaini hutoka kooni, anazisikia sauti hizi mbali mbali. Tumeona watoto wetu wakiziandika vizuri shuleni kuliko wenzao wasiosoma chuoni. Mzazi anayemtoa mtoto madrasa ili "apate nafasi ya masomo ya shule" alifikirie hili.

Tuje kwenye herufi za Kiarabu zenyewe. Ziko 28, na 15 kati ya hizo zina nukta. Be, te, the, nuni na ye zikiwa katikati ya neno, zote ni jino moja dogo. Kinachozitenganisha ni nukta ngapi, na ziko juu au chini. Herufi nyingi hubadilika umbo kufuatana na mahali zilipo: mwanzo, katikati, mwisho, au peke yake. Sita hazishiki herufi inayofuata: alifu, dali, dhali, re, ze na wau. Mtoto aliyefundishwa herufi moja moja ukutani, akaimba zote mpaka ye, anaweza kushindwa kuitambua aini katikati ya neno, kwa sababu ile aini aliyoiona ukutani ina mkia na hii haina. Sisi walimu humwona mvivu, kumbe ni kweli hajapata kuiona.

Tena kuna yanayoandikwa na hayasomwi. Alifu na lamu ya mwanzo wa neno: mbele ya herufi 14 za jua lamu humezwa, na mbele ya herufi 14 za mwezi hutamkwa. Tunaandika al-shams na tunasoma ash-shams. Mtoto aliyezoea Kiswahili, ambako kila kilichoandikwa kinasomwa, huona ametegwa. Inafaa aambiwe mapema kwamba hii ni kanuni, na kwamba haibadiliki.

Lakini irabu ni neema kubwa, na historia yake inatuhusu sisi hasa. Misahafu ya mwanzo haikuwa na fataha, kasra wala dhuma. Waarabu waliweza kuisoma kwa sababu ni lugha yao na wengi walikuwa wamehifadhi. Walipoingia katika Uislamu watu wa lugha nyingine, makosa yakaanza. Abul-Aswad ad-Du'ali, aliyefariki mwaka 69 Hijria, anatajwa kuwa ndiye aliyeanza kuweka nukta za rangi: juu ya herufi kwa fataha, chini yake kwa kasra, na mbele yake kwa dhuma. Baadaye, katika karne ya pili Hijria, Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi akaleta alama hizi tunazozitumia leo. Kwa maneno mengine, irabu ziliwekwa kwa ajili ya watu kama sisi. Mtoto wa Puge asione haya kuzitegemea.

Na kwa nini Mwarabu anaweza kusoma gazeti bila irabu? Jibu liko katika muundo wa maneno yake. Neno la Kiarabu limejengwa juu ya shina la herufi, mara nyingi tatu. Kaf, te, be ni mambo ya kuandika. Ukizipitisha katika vipimo mbalimbali unapata kitab, katib, maktaba, maktub. Sisi tumeyachukua matatu kati ya hayo: kitabu, katibu, maktaba. Mwarabu akiziona konsonanti na umbo la neno, maarifa yake ya lugha humjazia irabu. Mtoto wetu hana maarifa hayo. Ndiyo maana husoma Msahafu wenye irabu bila kujua maana, na akiondolewa irabu hawezi kusoma kabisa. Hilo si aibu, ila tusilisahau tunapopima maendeleo yake.

Kiswahili hakijengwi hivyo. Irabu zake haziwezi kukisiwa. Hili wazee wetu walilijua kwa vitendo, maana kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Zipo barua za Kiswahili za mwaka 1711 zilizohifadhiwa Goa, India, na upo muswada wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728. Huku kwetu bara herufi hizo zilikuja na misafara. Tabora ilikuwa njia panda: wengine wakielekea Ujiji, wengine wakielekea kaskazini, pande hizi zetu, kwenda Karagwe na Buganda. Pamoja na nguo, shanga na pembe, na pamoja na dhuluma ya biashara ya watumwa ambayo haifai kufichwa, zilipita barua, hati za madeni na misahafu. Hamed bin Muhammad, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Tabora, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode ndiye aliyezigeuza kuwa za Kirumi, zikachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Maandishi yale yalikuwa na tabu yake. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi; Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo kasra ilibeba i na e, dhuma ikabeba u na o. Hapakuwa na p, basi be ikabeba p na b, na mara nyingi mb pia. Ukiandika be na kafu zenye fataha, msomaji achague mwenyewe: paka au baka? Mwenye kuijua habari alisoma bila shida, kama vile mtu asomavyo barua ya ndugu yake. Mtoto mwanafunzi, asiyejua habari iliyomo, alipata tabu. Wanazuoni waliliona. Mombasa, katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua alizirekebisha herufi ili zitoshe sauti za Kiswahili. Baada yake Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui (1891–1947) alitetea herufi za Kiarabu zenye marekebisho, kama pe yenye nukta tatu. Waturuki nao walikuwa na shida ya namna hiyo, kwa sababu lugha yao ina irabu nane, na mwaka 1928 serikali yao ikaziacha herufi za Kiarabu kwa amri, jambo ambalo liliwafungia vijana wao maandishi ya babu zao kwa muda mfupi tu.

Kwetu mambo yalikwenda polepole zaidi. Wamisionari na serikali za kikoloni walishika herufi za Kirumi, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasawazisha tahajia tunayoitumia. Nia zao zilikuwa zao, lakini ukweli usemwe: kwa mtoto anayeanza kusoma Kiswahili, irabu tano zilizoandikwa wazi ni msaada. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, tafsiri yake ya Qur'ani ilipochapishwa mwaka 1969, Kiswahili chake kilikuwa kwa herufi hizo hizo, na ikawafikia watu ambao Kiarabu kisingewafikia. Tulichopoteza ni kwamba h ya habari, h ya haki na h ya hewa zimekuwa moja, ilhali asili yake ni kha, haa na hee. Dh nayo inabeba dhali ya dhahabu, dhadi ya dharura na dhaa ya dhuluma. Mwanafunzi wa madrasa anaweza kuzitenganisha. Mjaribuni!

Limebaki suala la urefu wa maneno, na hapa ndipo binti yetu alipokuwa amekwama shuleni. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. "Hatutawaandikia" ni neno moja lenye herufi 15. Ndani yake mna kukanusha, mna sisi, mna wakati ujao, mna wao, mna kuandika, na mna kwa ajili ya. Mtoto wa Kiingereza huyapata mambo hayo katika maneno mafupi yaliyotenganishwa kwa nafasi. Hata ndugu zetu Wabantu wa kusini wametofautiana: Mzulu akisema "nampenda" huandika neno moja, "ngiyamthanda", na Msotho huandika manne, "ke a mo rata", ingawa lugha zao ni za ukoo mmoja.

Binti yule alikuwa anasoma ha-tu-ta-wa-a-n-di-ki-a, na akifika mwisho amesahau mwanzo. Silabi alizijua zote. Kosa lilikuwa kwamba kila silabi kwake ilikuwa sawa na nyingine, kama shanga zisizo na uzi. Tulichofanya ni kumkatia neno kwa maana: hatu-ta-wa-andikia. Tuliandika vipande kwenye karatasi za maboksi: ni, u, a, tu, m, wa, kisha li, na, ta, me, kisha soma, andika, lima, chunga. Akawa anavipanga mkekani: a-li-soma, wa-ta-lima, tu-me-chunga. Jambo hili halikuwa geni kwake hata kidogo. Kinyamwezi cha bibi yake kinajengwa hivyo hivyo. Anayejua kwamba munhu wakiwa wengi ni banhu, amekwisha kuijua siri ya mtu na watu. Lugha ya nyumbani ambayo tumezoea kuikataza darasani ndiyo iliyomfungulia mlango. Hapo tukaacha tabia yetu ya kuwagombeza watoto wanaoulizana Kinyamwezi wakati wa somo.

Kwa upande wa Kiarabu tulibadilisha mambo mawili. Tuliacha kuanza sura kwa mwalimu kusoma na watoto kuitikia, angalau siku mbili kwa wiki. Siku hizo mtoto husoma kwanza mwenyewe kwa kidole, hata maneno matatu tu. Na kaida ile ya "be fataha ba" tumeibakiza, lakini tunavuruga mpangilio, maana kwa mpangilio ule ule kila siku mtoto huimba kama wimbo na hatazami ubao. Kuhifadhi kwa sikio hatukukuacha, wala hatuwezi. Qur'ani ilipokelewa kwa vifua kabla ya karatasi. Ila kuhifadhi ni kazi moja na kusoma ni kazi nyingine, na cheti cha moja kisichukuliwe kuwa cha nyingine. Mzazi anayetaka kujua mwanawe yuko wapi, amfungulie ukurasa asiouhifadhi, faragha, bila watu wa kucheka. Afanye hivyo hivyo na kitabu cha shule, maana wapo watoto waliohifadhi na kitabu cha Kiswahili ukurasa kwa ukurasa.

Na anayesoma kwa kusitasita asikatishwe tamaa. Imepokewa kwa Mama Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimtajia malipo mawili yule anayeisoma Qur'ani huku inamwia nzito. Tulimsomea Hadithi hii binti yetu mbele ya wenzake wale wale tuliomwaibisha mbele yao, nasi tukamwomba radhi pale pale.

Ilichukua miezi minne. Mwezi wa Rajabu alisoma aya tano za Surat al-Mulk, sura ambayo hakuwa ameihifadhi, polepole, kidole kikifuata mstari, akikosea mara mbili na kujirekebisha mara moja. Baba yake alikuwa amekaa mlangoni, kofia mkononi. Alipomaliza, mzee alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, risiti ya kuuzia mpunga, akamkabidhi mwanawe. "Hebu nisomee na hii," alisema. Binti akageuza karatasi, akaanza kushoto.